Herufi Moja

Dakika kumi na tisa. Nyimbo kumi na nne.
Ukibandika viazi jikoni
santuri huisha kabla havijaiva.

Niliinunua mwaka ule tanuri za chuma kando ya mto
zilipoanza kuzimwa moja moja,
kama taa za nyumba ya watu wanaohama.
Nilikuwa na miaka kumi na minne, na pesa ya viatu.
Nikarudi Barakaldo na viatu vilevile,
na kitu cheusi kifuani, chini ya sweta,
mvua isikiguse.

Jina la kundi, kwa lugha ya pale, maana yake Kutu.
Panki wanne; mpiga ngoma alikuwa mwoka mikate,
akija mazoezini na unga kwenye kope.
Gita halikupigwa, lilikerezwa.
Mwimbaji naye hakuimba: alisoma mashtaka
kwa pumzi moja,
kama mtu anayewakimbia polisi
huku akikuelekeza njia.

Wahenga: hasira hasara.
Wale wanne walipiga hesabu upya.
Hasara imekwisha kuingia, imekaa, imevua koti.
Basi hasira ni bure.
Wakaigawa.

Hadi leo tunabishana, sisi wenye mvi na magoti mabovu.
Koldo anasema wimbo wa tatu, ule wa sekunde arobaini,
una siasa kuliko hotuba zote za chama
alichokihama mara mbili.
Zuriñe anapenda kikohozi:
kabla ya wimbo wa mwisho mpiga ngoma anakohoa,
na pesa ya kurekodi upya haikuwapo.
Papo hapo sote tunakohoa. Hata vijana waliozaliwa juzi wanajua.
Binti yangu aliniuliza, "Wanamkasirikia nani?"
Nikamtajia majina.
Nusu yao siku hizi ni mitaa.

Lakini jalada.
Mgongoni mwa jalada, badala ya sura zao,
walichapa majina ya watu mia mbili na kumi na watatu
walioachishwa kazi kwa barua moja.
Herufi ndogo kama chawa.
Safu ya tatu, kati ya Tellería na Urrutia:
Fermín Ugade.

Barakaldo nzima haina Ugade.
Ni Ugalde. L ilidondoka usiku ule,
mashine ya kuazima, mlango umefungwa,
mchapaji sikio moja likiwa barabarani.

Mjane wake, Felisa, aliinunua bila kuwa na gramafoni.
Akaitundika sebuleni, mgongo nje,
pembeni ya mtakatifu wake.
Miaka thelathini na tisa
hakuwahi kuisikia.

Mwaka huu tulimwalika, ghorofani, juu ya bucha iliyofungwa.
Spika mbili. Kiti chenye mto.
Alisikiliza upande wa kwanza, akasikiliza wa pili,
mkoba magotini,
kama anayengoja basi analojua litachelewa.
Ilipokwisha akasema, "Wana haraka hawa."
Kisha: "Fermín naye. Alikula amesimama."

Akapekua mkoba, akatoa kalamu,
akaomba nakala yangu.
Akaipachika L hapo juu, kati ya A na D,
na kamshale kadogo, kama mwalimu.

Wakusanyaji watakuambia: jalada likichorwa, bei inaanguka.
Wakusanyaji walikuwamo mle chumbani.
Nao walipanga foleni.
Zuriñe alimmulikia kwa simu; mkono ulipochoka
tukamletea kahawa, akaendelea.

Wa mwisho alikuwa mpiga ngoma mwenyewe,
mzee mnene sasa, ananuka hamira,
kofia mkononi, nakala kwapani.
Alitaka kusema neno.
Akakohoa.

Safari hii hakuna aliyekohoa naye.